Tyubu ya "kila kitu" na ngozi ya baba mkwe

BARUA

Mheshimiwa Mfamasia,

Pokea salamu zangu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi ni mama wa watoto watatu, na tangu mama mkwe wangu alipofariki tunaishi na baba mkwe, ambaye ametimiza miaka 74. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa bohari katika Eneo la Viwanda, na hadi leo hupiga pasi shati lake mwenyewe kila asubuhi. Hapendi kuzungumziwa, ndiyo maana naandika bila kutaja jina lake wala langu.

Maradhi yake yalianza miaka mitatu iliyopita, katika baridi ya mwezi wa Julai. Ngozi ya mbele ya miguu yake, chini ya magoti, ilikauka ikapasuka mistari midogo midogo kama tope la bwawa lililokaukiwa na maji. Baadaye mwasho ulipanda hadi mgongoni na mikononi. Usiku tunamsikia akijikuna kwa gunzi la mahindi, na asubuhi analificha chini ya mto kana kwamba hatujui. Muuzaji wa duka moja la dawa mtaani alitupatia tyubu ya gramu 15 kwa shilingi 200, akasema hiyo ni ya kila kitu. Siku ya tatu mwasho ulikuwa umekwisha, nasi tukamshukuru Mungu. Tangu hapo tulinunua tyubu moja kila wiki, akawa anajipaka asubuhi na jioni kwa muda wa miezi 14, kwa sababu kila alipoacha kwa siku nne au tano mwasho ulirudi na kuzidi. Boksi nimelihifadhi, limeandikwa klobetasoli, gentamisini na mikonazoli.

Sasa ngozi ya mikono yake imekuwa nyembamba kama utando wa kitunguu. Akijigonga kidogo tu kwenye mlango wa matatu, anabaki na doa la zambarau kwa wiki mbili. Pia ana mabaka yaliyopauka. Mwezi uliopita mpwa wa mume wangu alisoma kwenye simu kwamba dawa hizo ni steroidi, na kwamba steroidi ni sumu, basi tyubu ikatupwa siku hiyo hiyo. Leo ni wiki ya tatu. Miguu inamwaka moto, sehemu moja inatoa majimaji, naye analalamika kwamba amechoka hata kabla ya kutoka kitandani. Mume wangu anasema tukatafute dawa yenye nguvu zaidi. Shangazi yake ametuma chupa ya mitishamba kutoka Kakamega. Jirani alitushauri aoge kwa maji ya moto yaliyotiwa Dettol, na ndivyo anavyofanya, kwa sabuni ya kipande. Anameza dawa mbili za presha, amlodipini na haidroklorothiazaidi, kwa mwaka wa nne sasa, na usiku tunampa Piriton, ile dawa ya mzio, ili alale.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kuliandika. Kwa desturi yetu mkaza mwana hawezi kumpaka mafuta baba mkwe mgongoni wala miguuni, na mume wangu hutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Nimsaidieje? Na je, ipo marhamu yoyote iliyo salama kwa mzee wa umri wake?

Mkaza Mwana, Umoja

JIBU

Dada yangu,

Nifikishie shikamoo yangu kwa Mzee. Nami nakushukuru kwa kuhifadhi lile boksi, kwa maana bila majina yale matatu ningekuwa nakujibu kwa kubahatisha.

Nianze na tyubu yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayogombaniwa nyumbani kwenu. Klobetasoli ni steroidi ya kupaka, yaani dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka, na katika ngazi ya nguvu za dawa hizo inakaa kwenye kipandio cha juu kabisa. Gentamisini huua bakteria, na mikonazoli hushughulikia fangasi. Muuzaji aliyesema kwamba ni ya kila kitu alidhani kuwa mgonjwa anayehitaji dawa moja atapona haraka zaidi akipewa tatu. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa kwa miaka mingi, na hali hiyo naijua vizuri: mteja ana haraka, ana shilingi 200, hana karatasi ya daktari, na tyubu ya aina hiyo humtuliza karibu kila anayejikuna kwa siku chache, awe na ukurutu (ekzema), choa cha fangasi au upele wa wadudu. Ndiyo maana inauzwa sana. Lakini chini ya utulivu huo choa huendelea kutambaa hadi kinapoteza lile duara lake linalokitambulisha, wadudu wa upele huendelea kuchimba, na ukurutu nao hungojea tu siku dawa itakapoisha.

Hebu sasa tupige hesabu, kwa sababu hesabu ya Mzee inaonyesha jambo ambalo wengi hulikosa. Dawa hizi hupimwa kwa kidole: mstari wa krimu au marhamu unaokamuliwa kutoka kwenye tyubu ya kawaida, ukaanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza, una uzito wa takriban nusu gramu, na unatosha eneo lenye ukubwa wa viganja viwili pamoja na vidole vyake. Gramu 15 kwa wiki ni vipimo 30 vya namna hiyo, yaani zaidi kidogo ya vinne kwa siku. Kiwango cha juu cha klobetasoli kwa mtu mzima ni gramu 50 kwa wiki. Kwa hiyo Mzee hakuwa anapaka nyingi kupita kiasi. Ukimlinganisha na wengine, alikuwa mtu wa kadiri. Kilichomdhuru ni muda. Dawa hiyo haitumiwi mfululizo zaidi ya wiki mbili bila daktari kuangalia, naye ameitumia kwa miezi 14, tena juu ya ngozi ambayo umri ulikuwa umekwisha kuipunguza unene.

Kijana aliyesoma kwenye simu alisoma nusu ya habari. Haidrokotisoni, steroidi ya kwanza kuonyeshwa kwamba inatibu ukurutu ikipakwa kwenye ngozi, ilitangazwa na madaktari wa Marekani mwaka 1952, na hadi leo steroidi za kupaka ndizo dawa ya kwanza ambayo daktari huiandikia ngozi iliyowaka. Hazikudumu miaka hiyo yote kwa kuwa ni sumu. Hata hivyo yale aliyoyasoma kuhusu ngozi kukonda, mishipa midogo kuonekana, michubuko ya zambarau na mabaka yaliyopauka ni kweli, na Mzee ni shahidi. Ngozi iliyokonda hujirudia kwa kiasi fulani baada ya miezi kadhaa, na mabaka mengi hurudisha rangi polepole, ingawa kwa wazee michubuko huweza kubaki kuwa tabia ya ngozi hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni ule uchovu. Steroidi yenye nguvu ikipakwa kwa muda mrefu huingia kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya aina hiyo, zinaweza kulegea kwa kuona kwamba kazi yao inafanywa na mwingine. Dawa ikikatwa ghafla, mtu anaweza kuishiwa nguvu na kupata kizunguzungu, na ngozi yenyewe huwaka kwa hasira kuliko mwanzo. Sisemi kwamba hilo ndilo lililompata. Nasema ni sababu tosha ya kumpeleka Mzee hospitalini wiki hii. Kwa mtu wa Umoja, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu, na wanaweza kumwandikia barua ya kwenda kliniki ya ngozi, kwa mfano ile ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mchukue na boksi, na vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, na umwambie daktari waziwazi hesabu ya miezi 14 na wiki tatu. Waombe wapime presha na sukari pia. Msimrudishie klobetasoli kwa uamuzi wenu, wala msitafute iliyo kali zaidi. Kwanza hakuna: mume wako anatafuta kipandio kilicho juu ya paa.

Msingoje wiki iishe endapo mguu utavimba na kuwa wa moto upande mmoja, au akipata homa, au akizimia au kutapika mfululizo, au pakitokea malengelenge madogo yanayofanana na kuuma sana. Hayo ni ya kwenda siku hiyo hiyo. Pale panapotoa majimaji panaweza kuwa pameingiliwa na bakteria, hasa majimaji hayo yakikauka na kufanya gamba la rangi ya asali. Daktari ndiye atakayeamua kama ni dawa ya kumeza, au ni kulowesha kwa maji ya potasiamu pamanganeti yaliyozimuliwa hadi yakawa ya waridi hafifu.

Dalili za Mzee zinafanana na za ukurutu, na mtu anayeupata kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 71 anastahili kuulizwa maswali kuliko mtoto aliyezaliwa nao. Dawa za presha za jamii ya amlodipini, na zile za kuongeza mkojo kama haidroklorothiazaidi, zimehusishwa na vipele vya aina ya ukurutu kwa wazee, navyo huweza kuchelewa kujitokeza hata kwa miezi mingi baada ya dawa kuanza. Mzee alianza vidonge, kisha ndani ya mwaka mmoja hivi ngozi ikaharibika. Huenda ni sadfa, lakini ni sadfa ambayo daktari anapaswa kuisikia. Vidonge asiviache hata siku moja kwa shauri la gazeti. Daktari akiona inafaa atambadilishia. Amlodipini pia huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na miguu inayovimba kwa sababu ya mishipa iliyochoka huwa na ukurutu wake wa pekee, wenye rangi ya kahawia iliyokolea karibu na vifundo. Aina hiyo haitulii kwa mafuta peke yake, bali huhitaji miguu kuinuliwa na pengine soksi za kubana, ambazo havai mtu kabla mzunguko wa damu ya miguuni haujapimwa.

Na je, wewe na watoto mnajikuna? Kama kuna mwingine nyumbani anayewashwa usiku, hasa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, basi fikirieni upele kabla ya ukurutu, na katika hali hiyo nyumba nzima hutibiwa siku moja. Daktari anaweza vilevile kukwangua magamba kutafuta fangasi, na kama kuna baka ambalo halisikii dawa yoyote kwa miezi, atakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, kwa kuwa ipo saratani adimu ya ngozi ambayo kwa wazee hujifanya ukurutu kwa miaka. Ni nadra, na sikuitaja ili kukutisha, ila tyubu ya kila kitu huificha hiyo pia. Tena usishangae daktari asipotafuta wekundu. Vitabu vingi huandika kwamba ukurutu ni mwekundu. Kwenye ngozi yetu huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, pamoja na mikwaruzo na ngozi iliyokomaa.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwa maoni yangu lilikosekana tangu siku ya kwanza, nalo ni mafuta. Katika barua yako yote sikuona mahali Mzee alipopakwa mafuta ya kawaida. Ngozi ya juu imejengwa kama ukuta wa mawe ya Ndarugo: seli ndizo mawe, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayoshika kama saruji. Kadiri mtu anavyozeeka saruji hiyo hupungua, tezi za mafuta hupunguza kazi, maji ya mwilini hutoka nje kupitia nyufa, na vitu vinavyochoma huingia ndani kupitia nyufa hizo hizo. Ile picha yako ya tope la bwawa lililokauka ndiyo hasa ambayo madaktari huitumia kutambua ukurutu wa ukavu wa miguuni mwa wazee. Na ukiniuliza kwa nini ulianza Julai, nitakuuliza Mzee huoga vipi Nairobi inapokuwa na baridi kuanzia Juni hadi Agosti. Maji ya moto, sabuni ya kipande iliyotengenezwa kufulia nguo, Dettol ndani ya beseni, kisha kuketi karibu na jiko: kila kimoja kati ya hivyo hukwangua saruji iliyobaki.

Basi aoge kwa maji ya vuguvugu, kwa dakika tano hadi kumi tu, na sabuni isiyo na manukato iguse kwapani, sehemu za siri na nyayo peke yake. Dettol irudi kabatini. Haitibu ukurutu, nayo huchoma ngozi iliyopasuka. Ajikaushe kwa kujigusagusa na taulo bila kujisugua, na kabla ngozi haijakauka kabisa apake mafuta kwa kuyashusha kuelekea vinyweleo vinakolala, yasije yakaziba vitundu vyake. Kwa ukavu wa namna hiyo ninayapenda mafuta ya mgando yasiyo na manukato kuliko losheni yoyote. Yanang'aa, yanashika shati, na Mzee anayejipigia pasi atayanung'unikia, lakini ni ya bei nafuu na hayana vihifadhi vinavyochoma. Akiyachukia mchana, atumie krimu nzito isiyo na manukato mchana na ya mgando usiku, maana mafuta mazuri kuliko yote ni yale ambayo mgonjwa atakubali kuyapaka. Najua pia nyumba nyingi zina kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe. Lisome kwanza, kama yametiwa manukato, waachieni ng'ombe. Mafuta ya zeituni, ambayo watu huyasifu sana, yameonekana kuidhoofisha ngozi ya juu badala ya kuijenga, kwa hiyo yabaki jikoni.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Kwa miguu, mikono na mgongo, apake mara mbili au tatu kwa siku, na kopo la gramu 250 linapaswa kuisha katika wiki moja hivi. Kopo likimaliza mwezi, jueni kwamba anapaka kwa adabu badala ya kujitibu. Klobetasoli ilihesabiwa kwa wiki, bali mafuta haya hayana ukomo: ngozi ikipona anaendelea nayo, kama anavyoendelea na dawa ya presha wakati presha iko sawa.

Mafuta haya yana hatari mbili zisizohusiana na ngozi. Kitambaa kilichonyonya mafuta ya kupaka, iwe shuka, pajama au bandeji, hushika moto upesi kuliko kitambaa kikavu, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba hatari hiyo haiko kwa mafuta ya mgando peke yake, bali kwa aina zote za mafuta ya ngozi. Kwa hiyo Mzee asikae karibu na jiko, asivute sigara wala asiwashe mshumaa akiwa amevaa nguo hizo. Hatari ya pili ni kuteleza. Nyayo zilizopakwa mafuta juu ya sakafu ya simiti yenye maji zinaweza kumvunja nyonga mzee wa miaka 74, na hapo tutakuwa tumeusahau ukurutu wenyewe. Apake akiwa ameketi, miguu iwe ya mwisho, na avae soksi za pamba na ndara zenye kushika kabla hajasimama.

Tukirudi kwenye steroidi, daktari anaweza kumwandikia nyingine, nanyi msiikatae kwa hofu. Nitakupa vitu vichache vya kuangalia kwenye boksi. Kwanza, usipime nguvu kwa asilimia: haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu mno ikilinganishwa na klobetasoli ya asilimia 0.05. Pili, soma jina hadi silabi ya mwisho, kwa kuwa klobetasoni ni dawa ya nguvu ya kati na klobetasoli ni ya nguvu ya juu kabisa, na nimewahi kuona watu wakipokea moja wakidhani ni nyingine. Betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 na mometasoni ziko kwenye kundi la zile zenye nguvu, chini ya klobetasoli. Kwa ngozi iliyokonda kama ya Mzee, sitashangaa daktari akichagua ya kati, akaamuru ipakwe mara moja kwa siku kwenye maeneo yaliyowaka tu, mpaka yalainike na mwasho uishe, kisha ipunguzwe. Ya kupaka usoni, shingoni, kwapani na kwenye kinena huwa dhaifu zaidi, kwa sababu hapo ngozi hunyonya sana, na karibu na macho steroidi ikipakwa mara kwa mara huweza kupandisha mgandamizo ndani ya jicho. Asifunge karatasi ya nailoni juu ya dawa, kwani hiyo huifanya iingie kwa wingi. Kati ya mafuta na steroidi mpeni nusu saa hivi. Kinachotangulia si hoja kubwa, mradi visichanganyike vikazimuana. Kwa ngozi kavu iliyopasuka ombeni marhamu, na kwa panapotoa majimaji krimu hufaa zaidi.

Kama ukurutu ni wa kurudi mahali pale pale, madaktari wengi huandika dozi ya ulinzi: baada ya ngozi kutulia, dawa hupakwa siku mbili tu kwa wiki kwenye maeneo hayo ya kawaida, na siku tano zilizobaki ni mafuta matupu. Kwa kufanya hivyo mgonjwa hutumia dawa kidogo kuliko yule anayengoja awake upya ndipo apake kwa bidii.

Umeuliza kama ipo iliyo salama. Iliyo salama kabisa kwa ngozi ni mafuta. Dawa isiyo steroidi na isiyokondesha ngozi ipo, inaitwa takrolimasi, marhamu ya asilimia 0.03 au 0.1, na ina ndugu yake pimekrolimasi. Takrolimasi ilipatikana kwa bakteria wa udongoni huko Japani katika miaka ya 1980, na kabla ya kufika kwenye ngozi ilitumika kuzuia mwili usikatae figo na ini vilivyopandikizwa. Kwa mzee ambaye steroidi imekwisha kumkondesha ngozi, ni swali la haki kumuuliza daktari. Ila mjue mambo haya mapema: siku za kwanza huchoma kama pilipili, na wengi huitupa kabla uchungu huo haujaisha, ambao kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hivi, haipakwi palipoingiliwa na vijidudu, bei yake ni kubwa kuliko ya steroidi za kawaida, na kwenye karatasi yake mtakuta onyo kuhusu saratani, ambalo Marekani ilianza kulidai mwaka 2006. Onyo hilo liliwekwa kwa tahadhari, na hadi sasa haijathibitika kwamba marhamu hiyo yenyewe husababisha saratani, lakini mwambieni daktari kama Mzee amewahi kuugua maradhi hayo.

Chupa ya Shangazi ipokelewe kwa heshima na isifunguliwe. Sina ugomvi na mitishamba, ila ngozi iliyo wazi si mahali pa kujaribia mmea usiojulikana jina, na zipo dawa zinazouzwa kama mitishamba ambazo zikipimwa hukutwa na steroidi ile ile mliyoikimbia. Kuhusu Piriton nitakuwa mkali zaidi. Haiondoi mwasho wa ukurutu. Humlaza mtu tu. Kwa mtu wa umri wa Mzee inaweza kumchanganya akili usiku, kumzuilia mkojo kama tezi dume limevimba, na kumwangusha akienda chooni gizani. Mwambieni daktari kwamba mmekuwa mkimpa, na mkubaliane aiache.

Sasa lile uliloliandika kwa haya. Desturi yenu si kikwazo cha matibabu, kwa maana sehemu kubwa ya kazi hii Mzee anaweza kuifanya mwenyewe akiwekewa vitu mkononi. Miguu na mikono anaifikia akiwa ameketi kitini na mguu mmoja juu ya kigoda. Mgongo ndio tatizo: funga kitambaa laini cha pamba kwenye mwiko mrefu, uweke mafuta juu ya kitambaa, naye ajifikie. Mwiko huo usirudi kwenye sufuria ya ugali. Kama mwanao wa kiume ana umri wa kutosha, mjukuu kumpaka babu mgongo jioni baada ya shule ni jambo ambalo sidhani kuna ukoo utakaolipinga, na mume wako achukue zamu ya usiku arudipo, pamoja na jukumu la kupaka steroidi mgongoni, kwa kuwa hiyo huhitaji kipimo cha kidole na kunawa mikono baada yake. Kazi yako wewe iwe ya bohari: chora jedwali kwenye karatasi, mafuta asubuhi, mchana na usiku, dawa mara moja, libandike mlangoni, na Mzee atie alama mwenyewe. Karani wa miaka mingi hatakosa kujaza.

Na gunzi msimnyang'anye. Mwombe tu mume wako amkate Mzee kucha Jumamosi, amwekee kando ya kitanda beseni dogo la maji baridi na kitambaa, ili mwasho ukimwamsha saa nane usiku mkono uwe na kitu kingine cha kushika kwanza. Alaze kitambaa hicho kilicholoa pale panapowasha kwa dakika kumi, kisha akiondoe na kupapaka mafuta ya mgando. Halafu shuka la pamba litangulie mwilini, na lile blanketi la sufu, kama analo, likae juu.

Mfamasia wenu